Kiti cha Baiskeli na Afya ya Mwanamke: Somo kwa Watoa Huduma na Waendesha Baiskeli

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja mkazi wa Chamazi, wilayani Temeke, amenunua baiskeli ili aokoe nauli ya kwenda na kurudi Mbagala Rangi Tatu, anakofanya biashara ya mboga. Baada ya wiki tatu anafika zahanati akilalamika kuwa anachomwa akikojoa na kuwashwa sehemu za siri. Anapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Baada ya siku kumi amerudi, na sasa anapewa dawa ya fangasi. Mara ya tatu harudi tena; baiskeli anaiuza na nauli anaendelea kuilipa. Katika safari zote mbili za zahanati, hakuna aliyemuuliza: “Mama, unakwenda kazini kwa chombo gani?”

Somo hili linahusu swali hilo. Lengo lake ni mambo matatu: kueleza kwa nini kiti kisichofaa humuumiza mwanamke, kuonyesha namna ya kuchagua na kurekebisha kiti na nguo kwa gharama ndogo, na kumsaidia mtoa huduma kutofautisha madhara ya kiti na magonjwa yanayofanana nayo.

Uzito huangukia wapi?

Mtu anapoketi wima, uzito wa kiwiliwili hubebwa na ncha mbili za mifupa iliyo chini ya fupanyonga, moja kila upande wa makalio. Ukikaa juu ya viganja vyako utaigusa. Mifupa hii imeumbwa kubeba mzigo. Kati yake na mbele yake ipo misuli laini ya msamba, mashavu ya uke, tundu la mkojo, na matawi ya neva na mishipa ya damu inayohudumia eneo hilo. Sehemu hizi hazikuumbwa kukaliwa.

Mwendeshaji anapoinama mbele, fupanyonga huzunguka na uzito huhama kutoka kwenye ile mifupa miwili kwenda kwenye mfupa wa kinena na nyama laini. Hapo neva hubanwa na ganzi huanza, damu hupungua, ngozi husuguliwa. Isitoshe, mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, takriban sm 4, na tundu lake liko karibu na uke na njia ya haja kubwa. Jasho, msuguano na nguo yenye unyevu huwapa vijidudu njia rahisi.

Tafiti zimethibitisha mengi kati ya haya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwalinganisha wanawake waendesha baiskeli na wakimbiaji, ukakuta waendesha baiskeli wana hisia pungufu katika sehemu za siri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima wanawake 48 na kubaini kuwa usukani ulio chini kuliko kiti huongeza mgandamizo mbele ya msamba na kupunguza hisia. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2018, uliohusisha wanawake wa nchi kadhaa, ulileta habari njema na onyo pamoja: waendesha baiskeli hawakuwa na hali mbaya zaidi ya kimapenzi au ya mkojo kuliko waogeleaji na wakimbiaji, ila waliripoti zaidi maambukizi ya njia ya mkojo, ganzi na vidonda vya kiti. Hivyo hakuna sababu ya kumkataza mwanamke baiskeli. Kinachohitaji kurekebishwa ni mahali anapokalia.

Kuchagua kiti

Baiskeli nyingi zinazotumika pembezoni mwa Dar es Salaam ni za aina mbili. Zipo zile nzito za mtindo wa Phoenix, zenye bomba la juu na kiti kirefu kiasi. Na zipo za mtumba kutoka Japani, zenye bomba lililoshuka na kiti kipana chenye springi. Jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi ni kwamba kiti, au siti kama mafundi wanavyoita, hubadilishwa bila kubadilisha baiskeli. Fundi mwenye spana hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Upana wa kiti ndio jambo la kwanza. Kwa wastani, umbali kati ya ile mifupa miwili ni mkubwa zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, lakini watu hutofautiana sana, na unene wa makalio hausemi lolote kuhusu upana wa mifupa. Pima hivi:

1. Weka kipande cha boksi la katoni juu ya benchi gumu.
2. Ukiwa umevaa nguo nyepesi, kalia katoni, miguu ikiwa juu ya tofali ili magoti yapande kidogo. Inama mbele kama uwapo kwenye baiskeli, ukae hivyo kwa dakika moja.
3. Inuka, pitisha chaki ubavuni juu ya katoni. Mashimo mawili yataonekana.
4. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya la pili, kisha ongeza sm 2 hadi 3. Huo ndio upana wa chini wa sehemu ya nyuma ya kiti chako. Anayekaa wima kabisa ahitaji zaidi kidogo.

Jambo la pili ni ulaini, na hapa ndipo wengi hukosea. Kiti laini mno, au kile kilichoongezewa sponji nene na kufungwa kitambaa juu, hupendeza dukani. Barabarani mifupa huzama, na sponji iliyobaki katikati hupanda juu na kusukuma nyama laini. Kiti kizuri ni kigumu kiasi cha kuibeba mifupa, na mara nyingi kina mfereji au uwazi katikati. Uwazi huo huwafaa wengi, lakini si wote. Kingo zake zikikubana, tafuta kiti kisicho nao. Kwa hiyo usinunue kabla ya kujaribu: mwombe fundi akufungie, uendeshe kwa dakika kumi au zaidi, ndipo uamue.

Kukirekebisha

Kiti bora kilichofungwa vibaya huumiza sawa na kiti kibovu. Anza na kimo. Egemea ukutani, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hicho ndicho kimo chako. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia na ngozi husuguliwa. Kikiwa chini mno, jambo linalopendwa na wanaojifunza kwa sababu miguu inagusa ardhi, miguu haisukumi vizuri na uzito wote hubaki kwenye kiti. Anayejifunza aanze chini, kisha apandishe kidogo kidogo kila wiki.

Pili, mwinamo. Kiti kiwe sawa na ardhi, au pua yake ishuke kidogo sana. Pua iliyoelekea juu ndiyo chanzo cha ganzi nyingi. Ikishuka mno nayo, mwili huteleza mbele na mikono huuma. Tatu, usukani uwe sawa na kiti au juu yake.

Na barabara zenyewe? Kwenye mashimo na makorongo ya Mbagala au Goba, simama juu ya pedeli badala ya kubaki umeketi. Hata kwenye lami tambarare, inuka kwa sekunde chache kila baada ya dakika kumi ili damu irudi.

Bukta yenye pedi na nguo nyingine

Bukta ya baiskeli hubana mwili na huwa na pedi iliyoshonwa ndani. Kazi ya pedi si kuwa godoro. Hupunguza msuguano, hunyonya jasho na kuweka mishono mbali na ngozi. Pedi nzuri ni nene chini ya mifupa miwili, nyembamba katikati, na haina mshono unaopita katikati ya msamba. Pedi iliyotengenezwa kwa umbo la mwanaume hukaa pasipofaa.

Bukta hii huvaliwa bila chupi, kwa kuwa mshono wa chupi huharibu faida yote. Kwa sababu hiyo ihesabiwe kuwa nguo ya ndani. Tanzania imepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mitumba, na hoja ya kiafya inaigusa bukta hii pia: nunua mpya, usiazime wala usiazimishe. Inatosha kuwa na mbili, moja ikauke nyingine ikivaliwa. Ifuliwe kila baada ya safari, igeuzwe nje, ianikwe juani. Wapo wanaoanika nguo za ndani chini ya kanga kwa haya. Pedi iliyokauka nusu kivulini ni makazi ya fangasi.

Bukta si lazima ionekane. Huvaliwa chini ya dera, sketi pana, suruali au baibui, nayo humsitiri mwanamke upepo unapoinua nguo. Nguo ndefu ifungwe kwa mpira ili isiingie kwenye mnyororo au spoku. Asiyeweza kununua bukta atumie taiti ya pamba isiyo na mshono mnene katikati. Aepuke kukalia mafundo ya kanga na suruali ya jinzi.

Ngozi na usafi

Kabla ya safari ndefu, paka kiasi kidogo cha vaselini kwenye mikunjo ya mapaja na pale panaposuguliwa, nje tu. Watumiao kondomu za mpira wakumbuke kuwa mafuta huziharibu, hivyo waoshe kwanza. Ukifika, vua nguo yenye jasho, osha kwa maji safi, kausha kwa kupangusa taratibu. Sabuni yenye manukato na kuosha ndani ya uke havihitajiki, tena hudhuru. Kunywa maji na usibane mkojo safari nzima.

Kunyoa kunahitaji neno la pekee. Nywele za kinena hupunguza msuguano, na wembe huacha majeraha madogo yanayogeuka vipele na majipu. Mwaka 2016, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Rio, wanawake wa timu ya baiskeli ya Uingereza walishauriwa kuacha kunyoa, vidonda vikapungua. Kwa wale ambao kuondoa nywele ni sehemu ya dini au mila, ushauri si kuwazuia: wafanye hivyo jioni ya kuamkia siku ya mapumziko, au wapunguze kwa mkasi.

Hali zinazohitaji uangalifu

Wakati wa hedhi, pedi yenye mikunjo husugua. Ibadilishwe mara kwa mara na ilazwe bila kukunjika. Mjamzito mwenye afya na aliyezoea baiskeli azungumze na mkunga wake. Tumbo linapokua, hatari kubwa ni kuanguka. Aliyejifungua, hasa aliyechanika au kushonwa msamba, asubiri kidonda kipone na achunguzwe, kwa kawaida katika hudhurio la wiki ya sita. Anayevuja mkojo au kinyesi baada ya uzazi huenda ana fistula, na tiba ipo. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, wilayani Kinondoni, inajulikana kwa huduma hiyo.

Waliokeketwa ni kundi linalosahaulika. Takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa katika utafiti wa 2015–16, na asilimia 8 mwaka 2022. Dar es Salaam hupokea wahamiaji kutoka Manyara, Mara, Dodoma na Singida, mikoa ambako desturi hiyo ilienea. Kovu halinyumbuliki kama ngozi, hivyo huchanika na kuuma mapema. Mtoa huduma aulize kwa staha na faragha, bila kulaumu.

Kuhusu bikira, bado wapo wazazi wanaowazuia binti zao baiskeli kwa hofu hiyo. Umbo la kizinda hutofautiana tangu kuzaliwa, na hali yake haithibitishi wala kukanusha tendo la ndoa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi. Binti anayetembea saa nzima kwenda shule kwa sababu ya hofu hiyo ananyimwa haki yake bure.

Lini uende kituo cha afya?

Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka ni ishara ya kurekebisha kiti. Nenda kituo cha afya ikiwa:

- ganzi inadumu zaidi ya siku moja, au inarudi kila safari hata baada ya marekebisho;
- kuna uvimbe wa upande mmoja wa uke, jipu, au kidonda kisichopona kwa wiki moja;
- kuna homa, maumivu ya kiuno, au damu kwenye mkojo;
- kuna uchafu wenye harufu au malengelenge;
- kuna damu ukeni isiyo ya hedhi.

Kipele kidogo hupumzishwa siku mbili tatu na kukandwa kwa maji ya uvuguvugu. Kisikamuliwe.

Kwa mtoa huduma

Mama anapolalamikia kuchomwa, kuwashwa au ganzi, ongeza maswali haya: “Unatumia chombo gani cha usafiri? Unapoketi, uzito unauhisi wapi, nyuma kwenye mifupa au mbele? Unavaa nini ndani? Maumivu yalianza kabla au baada ya kupata baiskeli?” Kuchomwa mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka si sawa na kuchomwa ndani ya njia ya mkojo, kipimo cha mkojo kitasaidia kutofautisha. Uvimbe wa upande mmoja waweza kuwa wa mgandamizo, lakini kwanza ondoa uwezekano wa jipu la tezi ya Bartholin na ngiri. Na usidhani kila kitu ni kiti: magonjwa ya zinaa huweza kuwapo pamoja na michubuko.

Tukirudi kwa mama wa Chamazi: swali moja lingeonyesha kuwa pua ya kiti chake imeelekea juu, na kwamba hukalia fundo la kanga. Tiba yake ingekuwa spana ya fundi na taiti ya pamba. Dawa mbili alizopewa zingebaki kwa mgonjwa anayezihitaji, naye angebaki na baiskeli yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiti laini mno huweza kuongeza maumivu?
2. Taja marekebisho matatu ya baiskeli yanayopunguza ganzi.
3. Bukta yenye pedi huvaliwa na kutunzwaje?
4. Ni dalili zipi hazipaswi kuhusishwa na kiti kabla ya uchunguzi?