Moto Hautakasi Kila Kitu: Samaki wa Kojani Kutoka Wavuni Hadi Chunguni

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki mlo wa kila siku una sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ishibishayo: wali, muhogo, ndizi, viazi vitamu au ugali. Ya pili ni kitoweo, na kitoweo cha watu wa pwani ni samaki. Muhogo mbichi una protini isiyozidi gramu 2 hivi katika kila gramu 100, ilhali samaki mbichi ana gramu 18 hadi 20 kwa uzito huo huo. Kwa hiyo mtoto alaye muhogo siku zote bila kitoweo huweza kushiba, lakini mwili wake hukosa vifaa vya kujengea misuli na damu.

Hata hivyo, samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoharibika upesi zaidi jikoni. Wapishi wengi hutegemea moto uondoe madhara yote: samaki aliyelegea kidogo huoshwa kwa ndimu, hutiwa viungo vingi na kukaangwa mpaka akauke. Imani hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki huweza kumlaza mtu hospitali. Makala haya yanaeleza sababu, kwa kumfuata samaki wa Kojani kutoka wavuni hadi chunguni.

KISIWA CHA WAVUVI

Kojani ni kisiwa kidogo kilicho upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Mkondo mwembamba wa bahari hukitenga na kisiwa kikubwa. Nyumba zake zimesongamana, na wakaazi wengi wana mashamba yao ng'ambo. Kazi iliyowapatia Wakojani sifa katika pwani nzima ni uvuvi.

Wavuvi hao hawavui karibu na kwao tu. Kwa kufuata misimu ya kaskazi na kusi, husafiri mbali na kupiga kambi ziitwazo dago, katika Unguja, Mafia, Tanga na hata pwani ya Kenya. Huko dago, ambako soko huwa mbali, mvuvi hukabiliwa na swali la kisayansi hata kama halitaji kwa jina hilo: samaki wa siku moja ni wengi kuliko wanaoweza kuliwa au kuuzwa siku hiyo, watahifadhiwaje? Swali hilo hilo humkabili mchuuzi anayewapeleka samaki Wete, Chake Chake au Unguja, na mama anayerudi nyumbani na mtungo wa samaki saa sita za mchana.

KWA NINI SAMAKI HUOZA

Samaki anapokufa, mambo matatu huanza. Kwanza, vimeng'enya vilivyokuwa vikimeng'enya chakula chake huanza kuimeng'enya nyama yake mwenyewe. Ndiyo maana tumbo la samaki asiyetumbuliwa hulainika na kupasuka mapema. Pili, bakteria waliokuwa juu ya ngozi, katika mashavu na matumboni huingia katika nyama, kwa kuwa mwili uliokufa hauna tena kinga ya kuwazuia. Tatu, mafuta ya samaki hukutana na oksijeni ya hewa na kuchacha. Jambo hili huwapata zaidi samaki wenye mafuta mengi.

Kati ya hayo matatu, bakteria ndio wenye haraka zaidi katika nchi za joto. Ichukuliwe kwamba aina moja ya bakteria hugawanyika mara moja kila nusu saa. Bakteria mmoja aliyekuwapo saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amegawanyika mara 16 ifikapo saa nane mchana. Idadi yao itakuwa 2 kwa kipeo cha 16, yaani 65,536. Kama samaki alianza na bakteria 1,000, jioni haisemeki.

Harufu kali ya samaki aliyeanza kuharibika hutokana na kazi hiyo. Samaki wa baharini wana katika nyama zao kemikali iitwayo trimethilamini oksaidi, isiyo na harufu. Bakteria huinyang'anya oksijeni yake, na hubaki trimethilamini, yenye harufu inayojulikana na kila mpishi. Ndimu huipunguza harufu hiyo, kwa sababu asidi ya ndimu huungana na trimethilamini na kuizuia isiruke hewani. Hivyo ndimu huondoa harufu, lakini haiondoi kilichosababisha harufu.

SUMU ISIYOOGOPA MOTO

Imani ya watu juu ya moto ina msingi. Birika la kahawa lililochemka juu ya mkaa ni salama, kwa sababu bakteria wa kipindupindu hawastahimili maji yanayochemka. Ugonjwa huo uliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na somo la kuchemsha maji limefundishwa mara nyingi tangu hapo. Moto huua viumbe hai.

Lakini sumu si kiumbe hai, haiwezi kuuawa. Jodari, vibua na jamaa zao wana katika nyama zao kiasi kikubwa cha asidi amino iitwayo histidini. Samaki hao wanapokaa katika joto, baadhi ya bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi, ambalo ni joto la kawaida la Pemba, saa chache tu zaweza kutosha. Baadaye samaki huyo akichemshwa au kukaangwa, bakteria watakufa, lakini histamini waliyokwisha kuitengeneza itabaki. Moshi hauiondoi, barafu haiiondoi, wala mtambo wa kutia samaki makoponi hauiondoi.

Mtu aliyekula histamini nyingi huona dalili baada ya dakika chache au saa moja mbili: uso huwa mwekundu na wa moto, kichwa huuma, mdomo huwasha kana kwamba umetiwa pilipili, ngozi hutoka vipele, moyo hudunda kwa kasi, na pengine hutapika. Wengi hudhani mgonjwa ana mzio wa samaki, kumbe kosa ni la saa zile ambazo samaki alikaa juani. Codex Alimentarius, mkusanyo wa viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki wa jamii hizo. La kutisha zaidi ni kwamba samaki mwenye histamini nyingi huweza kuwa bado ana sura na harufu ya kawaida.

Pemba imewahi kupata funzo chungu zaidi kuhusu sumu isiyoogopa moto, ingawa ya asili nyingine. Mwezi Novemba 2021 watu saba walikufa kisiwani humo baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, kusini mwa Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa sababu hiyo hiyo, na wengine 78 walilazwa. Sumu ya kasa haitokani na kuoza. Inadhaniwa kwamba kasa huipata katika miani na viumbe anavyokula baharini. Nyama yake haina dalili ya kuonyesha kama ina sumu, kupika hakuiondoi, na dawa ya kuipinga haijapatikana. Kwa sumu hii hakuna namna ya kuhifadhi wala ya kupika. Kinga yake ni kutomla kasa kabisa. Kwa histamini ipo kinga: samaki asipewe nafasi ya kupata joto.

BARAFU NA HESABU YAKE

Baridi haiwaui bakteria wengi, bali huwachelewesha. Barafu ina faida ya pekee: inapoyeyuka hufyonza joto jingi, kilojuli 334 kwa kila kilo, bila yenyewe kupanda juu ya nyuzi sifuri.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Kilo 10 za samaki zina joto la nyuzi 30. Kuipunguza kilo moja ya samaki kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa kilojuli 3.6 hivi. Basi kuzifikisha kilo 10 kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kuondoa 10 × 3.6 × 30, yaani kilojuli 1,080. Ukigawanya kwa 334, jawabu ni kilo 3.2 za barafu. Lakini hiyo ni barafu ya kuwapoza tu. Jua, hewa na kuta za sanduku huendelea kuleta joto, ndiyo sababu katika nchi za joto hushauriwa kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki.

Barafu yenyewe huhitaji umeme. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, lakini dago za mbali haziwezi kutegemea barafu kila siku. Huko elimu ya zamani bado ina kazi.

CHUMVI, JUA NA MOSHI

Zaidi ya sehemu 70 katika 100 za samaki mbichi ni maji, na bakteria hawaishi bila maji. Njia zote za kukausha zina lengo moja: kuwanyima bakteria maji.

Chumvi huyavuta maji kutoka katika nyama ya samaki, na pia kutoka katika miili ya bakteria wenyewe. Ukali wa chumvi ndio wenye kufaa. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na bakteria wa samaki wamezoea kuishi humo; kwa hiyo kumsuza samaki kwa maji ya bahari hakumhifadhi. Maji yaliyoshiba chumvi yana gramu 36 hivi katika kila gramu 100 za maji, yaani ni makali mara kumi. Ili kufikia ukali huo, sehemu tatu za samaki kwa uzito huwekewa sehemu moja ya chumvi.

Samaki wa ng'onda hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa. Kumpasua huongeza eneo la kupitisha maji na kufupisha njia yake. Akianikwa juu ya kichanja, upepo hupita juu na chini yake, na mchanga na wadudu humfikia kwa shida. Akianikwa chini hukauka upande mmoja, na nzi hutaga mayai upande wa pili. Dagaa, ambao Pemba na Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hupata faida mbili: moto huua bakteria na kuzima vimeng'enya, kisha jua huondoa maji. Moshi nao hukausha, na huacha juu ya samaki kemikali ziitwazo fenoli, ambazo huzuia bakteria na kuchelewesha mafuta yasichache.

Hapa ndipo penye kosa linalofanyika mara nyingi. Samaki bora huuzwa mbichi asubuhi, na yule aliyekosa mnunuzi mpaka alasiri ndiye hutiwa chumvi. Lakini chumvi huzuia yajayo tu. Haifuti yaliyokwisha kutokea. Histamini iliyotengenezwa kabla ya kuanika itakaa ndani ya ng'onda kwa miezi. Samaki wa kukausha anastahili kuchaguliwa angali bado mbichi kabisa.

MNUNUZI SOKONI

Samaki mbichi ana macho yaliyotokeza na kung'aa, mashavu mekundu, magamba yaliyoshika, na nyama ambayo ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Harufu yake ni ya bahari. Lakini kwa jodari na vibua dalili hizo hazitoshi. Yafaa mnunuzi aulize amevuliwa lini na amekaa wapi, na amkatae samaki aliyepangwa juani bila barafu. Ng'onda mwenye utando wa rangi ya waridi ameingiliwa na bakteria wapendao chumvi, naye hafai. Ng'onda mzuri hulowekwa majini kabla ya kupikwa, kwa kuwa mtu mzima ashauriwa kula chumvi chini ya gramu 5 kwa siku.

JARIBIO

Kata vipande vitatu vya samaki vyenye gramu 100 kila kimoja. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili kifunike kwa chumvi. Cha tatu kitie chumvi kwa saa chache, kifute, kisha kianike penye upepo. Funika vyote kwa chandarua. Pima uzito na andika rangi, ugumu na harufu kila baada ya saa sita kwa siku mbili. Vipande hivyo visionjwe hata kidogo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

HITIMISHO

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumika katika malezi ya watoto, lakini maana yake ya asili ni sahihi vile vile kwa mvuvi, mchuuzi na mpishi. Usalama wa kitoweo huamuliwa ndani ya chombo na kwenye mchanga wa ufukoni, saa nyingi kabla ya chungu kutelekwa. Moto huja mwisho, na hauwezi kuurudisha wakati nyuma.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kuua bakteria na kuondoa sumu iliyotengenezwa na bakteria.
2. Samaki wa gramu 1,000 ana maji sehemu 75 katika 100. Bila kuhesabu chumvi, atabaki na uzito gani akikaushwa mpaka maji yawe sehemu 25 katika 100? (Jawabu: gramu 333 hivi.)
3. Kwa nini ndimu si kinga dhidi ya samaki aliyeharibika?
4. Kilo 25 za vibua zina joto la nyuzi 28. Tafuta barafu ihitajiwayo kuzifikisha nyuzi sifuri, kisha eleza kwa nini mvuvi huhitaji zaidi ya hiyo.
5. Tembelea diko au soko lililo karibu. Chunguza samaki hukaa muda gani bila barafu wala kivuli, na pendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa la kupunguza muda huo.