Mazoezi Haya ni kwa Ajili ya Nani? Somo kwa Kijana wa Mbio za Baiskeli



Kijana mwenzangu, Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Si ajabu vijana wengi sasa wanataka kushindana. Hamu hiyo ni njema, ila hamu bila mpango huishia njiani. Na mpango mzuri unaweza kukujenga miguu huku moyo ukibaki mtupu. Basi leo tujifunze kupanga mazoezi ya mwili na ya akili, kisha tujiulize yote hayo ni kwa ajili ya nani.

Soma kwanza: Lk 14:28-30, 1 Fal 19:4-8, 1 Kor 9:24-27.

1. Kaa chini, hesabu

Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: lazima kwanza akae chini ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Mwendesha baiskeli naye aanze na kalenda. Andika tarehe ya shindano lako kuu, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Kwa kijana mwenye afya ambaye tayari anaendesha mara kwa mara, wiki 16 zinaweza kugawanywa hivi:

- *Wiki 8 za msingi.* Mwendo mrefu wa taratibu. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kuhema.
- *Wiki 6 za kujenga.* Siku mbili kwa wiki ongeza makali. Mfano: nyonga kwa nguvu dakika 4, kisha taratibu dakika 4, rudia mara nne. Siku nyingine baki kwenye mwendo wa taratibu.
- *Wiki 2 za mwisho.* Punguza muda wa mazoezi hadi karibu nusu, ila acha vipande vifupi vya kasi ili miguu isilale.

Kila baada ya wiki tatu ngumu, weka moja nyepesi. Hapo ndipo wengi tunakwama, maana tunadhani kila siku lazima turudi nyumbani hoi.

2. Kupumzika nako ni utii

Mtazame nabii Eliya. Amechoka, amekaa chini ya mti, anaomba afe. Mungu haanzi na mahubiri. Anamwacha alale, malaika anamwamsha ale, analala tena, anakula tena. Ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu.

Mwili hauongezeki nguvu wakati unanyonga. Unaongezeka unapopona baada ya kunyonga. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukiona mapigo ya moyo ya asubuhi yako juu kuliko kawaida siku kadhaa, usingizi unakatika, na unamkasirikia kila mtu nyumbani, usijikaze kishujaa. Pumzika. Hali ikiendelea, mwone daktari.

Kwenye safari ya zaidi ya saa moja na nusu, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu kubwa moja ina karibu gramu 30. Kula kabla njaa haijakupata, kunywa maji mara kwa mara.

Na Jumapili je? Shindano likiwa asubuhi, mara nyingi Misa ya Jumamosi jioni ipo. Iandike kwenye mpango kabla ya kuandika kilomita. Ukisubiri muda ubaki, haubaki.

3. Akili nayo ina ratiba

Kushinda si lengo unaloweza kulitawala, maana miguu ya wenzako si yako. Chagua mambo matatu yaliyo mikononi mwako: kwa mfano, kula kila dakika 20, kuwa mbele ya kundi kabla ya kilima kuanza, na kupanda kwa kasi yako mwenyewe.

Jioni, mara tatu kwa wiki, funga macho dakika 10 uipitie njia ya shindano kichwani. Usione ushindi tu. Ona tairi limepasuka, ona kundi linakuacha, kisha jione unavyotulia na kuendelea. Chagua pia sala fupi inayotosha pumzi moja, uizoee mazoezini. Usipoizoea siku za kawaida, kwenye kilima kikali haitakuja.

4. Gino Bartali: mpango uliovunjika

Bartali alizaliwa mwaka 1914 karibu na Florence, Italia. Alishinda Giro d'Italia 1936 na 1937, na Tour de France 1938. Mwaka 1936 mdogo wake Giulio alikufa kwa ajali ya mashindano, na Gino nusura aiache baiskeli kabisa. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, mwanachama wa Utawa wa Tatu wa Karmeli.

Kisha vita ikaja, ikala miaka yake bora. Hakuna Tour, hakuna medali. Lakini aliendelea kuendesha kati ya Florence na Assisi, na askari waliamini yuko mazoezini. Ndani ya mabomba ya fremu alificha picha na vitambulisho vya bandia vya kuwaokoa Wayahudi, kazi iliyoongozwa na Kardinali Elia Dalla Costa. Hakujitangaza. Mwaka 2013, miaka 13 baada ya kifo chake, Yad Vashem ilimtambua kuwa Mwenye Haki kati ya Mataifa.

Mwaka 1948 alirudi Tour. Wengi walimwona mzee. Aliachwa nyuma kwa zaidi ya dakika 20, kisha akashinda hatua tatu mfululizo na hatimaye mashindano yenyewe, miaka 10 baada ya ushindi wake wa kwanza.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Miguu aliyoijenga kwa ajili ya medali ndiyo iliyobeba karatasi za uhai wa watu. Asingefanya mazoezi, asingekuwa na uwezo huo. Na kama mazoezi yangekuwa kwa ajili yake tu, angebaki nyumbani akilalamikia miaka iliyopotea.

Mtume Paulo anautiisha mwili wake ili asije akakataliwa baada ya kuwahubiria wengine. Kwa hiyo dawa za kuongeza nguvu, kumsukuma mwenzako kwenye kona, kumdharau aliyebaki nyuma: hayo yanaweza kukupa kikombe na kukunyang'anya mbio zenyewe.

Maswali ya kutafakari

1. Nikiumia kesho nisishindane mwaka mzima, nitabaki nani mbele ya Mungu?
2. Ni nani anayefaidika na nguvu zangu, mbali na mimi?

Zoezi la wiki: Andika mpango wako wa wiki nne kwenye karatasi moja. Uwe na mazoezi, usingizi, Misa, na safari moja ya baiskeli ya kumsaidia mtu: mgonjwa wa jumuiya yenu, au bibi anayehitaji kuletewa dawa.

Tusali: Ee Bwana, umenipa miguu na pumzi. Nifundishe kufanya kazi kwa bidii na kupumzika bila hofu. Mpango wangu ukivunjika, nionyeshe wa kumsaidia njiani. Mama Maria, utuombee. Amina.