Upindo wa Vazi la Sauli

JUMANNE

Soma 1 Samweli 24:1–22. Watu wa Daudi walitoa sababu gani ya kutaka Sauli auawe? Kwa nini Daudi aliikataa?

Nyika ya En-gedi iko magharibi mwa Bahari ya Chumvi, nchi ya majabali na mapango. Daudi alijificha huko pamoja na watu wake, naye Sauli akaja kumsaka na watu 3,000 waliochaguliwa. Kisha mfalme, bila kujua, akaingia katika pango lile lile alimokuwamo Daudi.

Watu wa Daudi waliona kwamba ndiyo siku aliyoiahidi Bwana (fungu la 4). Lakini katika sura zilizotangulia hatusomi ahadi ya namna hiyo. Daudi alitambua kwamba kupata nafasi si kupewa ruhusa. Alikata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma.

Hata hivyo, Daudi hakunyamaza. Alitoka pangoni, akainama, akamwita Sauli bwana wake na baba yake. Kisha akamweleza waziwazi ubaya aliotendewa, akionyesha kipande cha vazi kuwa ushahidi, na akaiweka kesi yake mbele za Mungu aamue (mafungu ya 12 na 15). Kumwachia Mungu kisasi si kusema kwamba hakuna kosa lililotendeka. Ni kulitaja kosa bila kujifanya hakimu.

Tazama tena fungu la 22. Sauli alilia, akakiri kosa, akaenda zake nyumbani. Lakini Daudi alipanda ngomeni. Hakumwua Sauli, wala hakurudi karibu na mkuki wake. Alifanya vyema, kwa maana katika sura ya 26 Sauli anakuja tena. Vivyo hivyo, mke anayepigwa au mjane aliyenyang'anywa shamba halipizi kisasi anapotafuta mahali salama au kupeleka shauri lake mbele ya sheria. Mamlaka nayo imewekwa na Mungu (Warumi 13:1–4).

Soma 1 Samweli 25:10–13, 32–34. Nini kilimzuia Daudi asimwage damu?

Daudi aliyemvumilia mfalme aliyetaka kumwua alishindwa kuvumilia tusi la Nabali. Aliondoka na watu 400 wenye panga. Ushindi wa jana haumlindi mtu leo. Safari hii Bwana alimzuia kwa kinywa cha Abigaili. Marafiki wa pangoni walitumia jina la Bwana kumsukuma kwenye kisasi. Abigaili alilitumia kumrudisha.

Mwishowe Sauli alikufa mlimani Gilboa, katika vita na Wafilisti. Habari zilipomfikia Daudi, hakushangilia. Alirarua mavazi yake, akalia na kufunga hata jioni (2 Samweli 1:11–12). Aliyemwachia Mungu hukumu alibaki na moyo unaoweza kumlilia adui yake.

Ndugu aliyeonewa akija kwako na uchungu wake, utamshauri kama watu wa pangoni au kama Abigaili? Je, yupo mtu ambaye bado unaisubiri siku ya kumlipiza? Ni hatua gani moja unayoweza kuchukua juma hili ili kesi hiyo uiache mikononi mwa Mungu?