Madini ya Chuma Mwilini

Je, wajua kwamba mwilini mwako mna chuma? Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za madini hayo, kiasi cha uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa imo katika chembechembe nyekundu za damu, ambazo huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote.

Chuma kikipungua, mtu hupungukiwa damu. Huchoka upesi, huona kizunguzungu na viganja vyake hupauka. Mama mjamzito huhitaji chuma kingi, kwa ajili yake na ya mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana hupewa vidonge vya madini ya chuma kliniki.

Chuma hupatikana katika maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Kile cha maharage na mboga hufyonzwa kwa shida. Ukila chungwa au pera pamoja na chakula hicho, vitamini C husaidia kifyonzwe zaidi.

Jaribio

Vifaa: msumari wa chuma, siki, glasi mbili, chai ya rangi iliyokolea na kupoa.

1. Tia msumari katika glasi yenye siki. Uache kwa siku mbili.
2. Mimina vijiko viwili vya siki hiyo katika glasi ya chai. Usionje.

Umeona nini? Chai imegeuka nyeusi, kwa sababu chuma kimeshikana na tanini ya majani ya chai. Unywapo chai pamoja na chakula, sehemu ya chuma hunaswa vivyo hivyo, nayo haifyonzwi. Ngoja saa moja baada ya kula, ndipo unywe chai.

Kuzidi kwa madini

Je, vidonge vingi huleta nguvu nyingi? La. Mwili hauna njia rahisi ya kutoa chuma kilichozidi. Tena madini hutegemeana: zinki ikizidi kwa muda mrefu, mwili hukosa shaba.

Vidonge vya mama si peremende. Mtoto mdogo akimeza vingi aweza kufa. Ukiona mdogo wako amevimeza, mwambie mtu mzima papo hapo, apelekwe hospitali hata akionekana mzima. Chukueni na kopo la vidonge.

Maswali

1. Chuma kina kazi gani katika damu?
2. Kwa nini chai haifai kunywewa pamoja na maharage?
3. Nyumbani kwenu, dawa zawekwa wapi? Je, mtoto mdogo aweza kuzifikia?