Darsa: Mtoto wa Njiani Yu Juu ya Nani?

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Darsa yetu leo ni juu ya mlango wa fiqhi ambao wengi wetu tumeufunga: mlango wa laqiti, yaani mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana mlezi wake.

Tutazame Garsen, kando ya Mto Tana, nchi ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma na Kiwardei. Mwezi wa Agosti 2012 waliuawa watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Hata kufika Januari 2013, waliouawa katika vijiji vya huko walizidi 100, na maelfu walihama makwao. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ukaangamiza mifugo. Na mara baada yake mafuriko ya Novemba 2023, na ya Aprili na Mei 2024, yakazamisha mashamba. Ng'ombe wakifa na shamba likizama, mtoto hupanda gari akaufuata mji. Katika hesabu ya serikali ya mwaka 2018, watu waishio mitaani Kenya nzima walikuwa 46,639, na 7,529 katika hao walikuwa Mombasa.

Sisi twawaita chokoraa. Twawakuta alfajiri wamelala barazani, na chupa ya gundi mkononi. Ijumaa twawapa shilingi kumi, tukadhani dhima imetutoka. Je, imetutoka?

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wasema kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya. Akimchukua mmoja, wamesalimika wote; wakimwacha wote, wamepata dhambi wote. Hukumu hii ni sawa na ile ya kumzika maiti. Basi tazameni hali yetu: maiti asiye na jamaa twamchangia sanda siku ile ile; mtoto aliye hai twamruka tukaingia msikitini.

Tena wameweka taratibu. Mwokotaji huweka mashahidi, ili mtoto asije akafanywa mtumwa. Matumizi yake hutoka katika mali yake akiwa nayo. La hana, katika baitulmali. Na ikiwa hakuna, ni juu ya Waislamu wenye uwezo. Na Suratul Ahzab yatufunza kuwa mtoto wa kulea habadilishwi nasaba. Hubaki na jina la babake. Leo shahidi wetu ni afisa wa watoto, na sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeikubali kafala. Basi hatuna udhuru.

Wako watakaosema: "Hawa si laqiti, wana jamaa zao." Kweli, wengi wanao. Basi haki yao ya kwanza ni kuulizwa majina ya baba zao na kurejeshwa kwa jamaa. Na ikiwa ni ufukara uliowatoa, zakati na iwafuate huko huko Garsen. Wala tusiulize kwanza kabila la mtoto. Damu iliyomwagika mtoni yatosha.

Wengine watasema: "Hawa ni wezi." Sayyidna Umar, mwaka wa njaa, aliizuia hadi ya wizi, kwa kuwa aliijua njaa ya watu. Nasi, vijana wetu humpiga mtoto hata kumkurubisha na mauti kwa simu au andazi, na wazee tukatazama. Ni dini gani hiyo?

Twasema basi: kila msikiti na uchague watu watatu waaminifu, wawajue kwa majina watoto walalao mtaani mwake, na makwao, na sababu iliyowatoa. Sinia moja ya pilau ya khitma ikipungua, hapungukiwi maiti kitu. Na fedha yake yatosha nauli ya kumrejesha mtoto kwa mamake. Asiyeweza kulea na achangie, na asiyeweza kuchangia na auzuie mkono upigao.

Wabillahi tawfiq.