Mashine ya Betri ya Kukata Nyasi: Pima Ua Kabla ya Kulipa

Mvua za masika zikishashika, nyasi hazimngoji mtu. Ua uliofyekwa leo utakuwa umefunika viatu baada ya wiki mbili. Kwa mkaazi aliyepanda nyasi za kikuyu, zile zinazotambaa na kufumana kama mkeka, kufyeka kwa mkono ni kazi ya asubuhi nzima. Ndiyo maana mashine ya kukata nyasi inayotumia betri inavutia. Haina waya wa kuburuta, haivutwi kamba ndipo iwake, haitoi moshi, na kelele zake ni ndogo kuliko za mashine ya petroli.

Hata hivyo, si mashine ya bei rahisi, na ni rahisi mnunuzi kukosea. Akifika dukani hutazama magurudumu, rangi na ukubwa wa kisu. Kitu kitakachoamua kama pesa zake zimefaa ni kile kiboksi kidogo kinachochomekwa juu: betri. Ndiyo inayoamua kazi itakayofanyika, muda itakaochukua na gharama yake. Somo hili linaeleza jinsi ya kuipima kabla ya kulipa na jinsi ya kuitunza baada ya kununua.

Kwanza: eneo la nyasi

Hesabu huanzia nyumbani. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita 1. Mkaazi akihesabu hatua za urefu na za upana wa sehemu yenye nyasi, kisha akizizidisha, atapata eneo lake kwa mita za mraba.

Mfano ni mwalimu mstaafu aliye na ploti ya futi 50 kwa 100. Ploti hiyo ni kama mita za mraba 465, lakini nyumba, tangi la maji, njia ya gari na shamba dogo la sukuma wiki zimechukua sehemu kubwa. Nyasi zimebaki hatua 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150.

Mashine ndogo yenye upana wa sentimita 33, ikisukumwa kwa mwendo wa kawaida na kila mstari ukigusa kidogo ule uliotangulia, hukata kama mita za mraba 14 kwa dakika. Ua wa mwalimu utahitaji dakika 11, au 15 ukihesabu kugeuka na kumwaga nyasi zilizojaa kwenye kikapu.

Uwanja wa mpira wa shule ni jambo jingine. Uwanja wa mita 100 kwa 64 una mita za mraba 6,400. Kwa mashine hiyo hiyo, ni zaidi ya saa 7 za kusukuma bila kupumzika. Bodi ya shule inayofikiria kununua mashine ndogo ya betri kwa kazi kama hiyo itakuwa imepoteza pesa za wazazi. Uwanja mkubwa unataka mashine kubwa ya petroli au ya kuvutwa na trekta.

Pili: kusoma betri

Kila betri ina nambari mbili: volti (V) na ampea-saa (Ah). Ukizizidisha unapata wati-saa (Wh), ambazo ndizo kipimo cha umeme uliomo ndani. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Ikiwa mashine inatumia wati 500 kwenye nyasi kavu na fupi, betri hiyo itadumu kama dakika 17. Inamtosha mwalimu, lakini haimwachii akiba kubwa.

Nyasi zikiwa ndefu, nzito au mbichi kwa mvua, mota huvuta umeme zaidi. Ikifika wati 1,000, zile dakika 17 huwa chini ya 9. Kwa hivyo muda ulioandikwa kwenye katoni ni wa hali nzuri. Wa nyasi za kikuyu mwezi wa Aprili ni mfupi kuliko huo.

Nambari ya volti nayo inaweza kumchanganya mnunuzi. Betri iliyoandikwa volti 20 na nyingine iliyoandikwa volti 18 huenda zikawa na nguvu sawa. Zote zina seli 5 za lithiamu. Kampuni moja imehesabu volti za betri iliyojaa, nyingine volti za wakati wa kazi. Vivyo hivyo kwa 40 na 36. Ni afadhali kulinganisha wati-saa.

Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mkaazi aliye na keekee au msumeno wa betri wa kampuni fulani aulize kwanza kama betri hizo zinaingia kwenye mashine ya kukata nyasi ya kampuni hiyo hiyo. Huenda akanunua mashine peke yake, bila betri wala chaja.

Walio na jamaa Marekani wawe makini zaidi. Umeme wa huko ni wa volti 120, wa Kenya ni volti 240. Chaja iliyoandikwa 120V pekee ikichomekwa hapa itaungua. Iliyoandikwa 100–240V haina shida, ila itahitaji plagi inayoingia kwenye soketi zetu. Na anayetumia sola ajue kwamba mtambo mdogo wa taa na simu hauwezi kuchaji betri hii. Panahitajika inveta na betri kubwa ya akiba.

Tatu: gharama isiyoonekana

Uniti 1 ya umeme ni wati-saa 1,000. Kuchaji betri ya wati-saa 144, pamoja na umeme unaopotea njiani, kunatumia kama uniti 0.17. Mkaazi anaweza kujua bei yake kwa kuchukua ujumbe wa tokeni aliyonunua na kugawanya pesa alizolipa kwa uniti alizopata. Kama uniti moja inamgharimu shilingi 30, kujaza betri ni kama shilingi 5. Mashine ya petroli ikitumia robo lita kwa kazi hiyo hiyo, na lita iwe shilingi 180, gharama ni shilingi 45. Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi na EPRA, kwa hivyo kila mtu aweke bei ya mwezi wake.

Hapo ndipo wengine husimama wakaona wamefaidika kwa shilingi 40 kila wanapokata. Hesabu haijaisha.

Mwalimu anakata mara moja kwa wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Ataokoa shilingi 1,040 kwa mwaka. Kiasi hicho hakiwezi kulipia mashine wala betri mpya. Mtu wa namna hii anunue kwa sababu ya wepesi, utulivu na kutojisumbua na petroli, wala asidanganywe kwamba mashine itajilipa.

Kwa kikundi cha vijana kinachokata nyasi za watu kwa malipo, mambo hubadilika. Tuseme kinajaza betri mara 20 kwa wiki, karibu mara 1,000 kwa mwaka, kikitumia betri 2 kwa zamu. Kwa kulinganisha na petroli, kitaokoa shilingi 40,000. Lakini betri za lithiamu huchoka kwa kutumika. Baada ya kujazwa mara mia kadhaa, hazishiki chaji kama zamani. Ikiwa kila betri inatoa mara 500 na bei yake ni shilingi 12,000, basi kila kujaza kumekula shilingi 24 za betri. Mwisho wa mwaka kikundi kitahitaji shilingi 24,000 za betri mpya, na faida halisi ni shilingi 16,000.

Faida hiyo si ndogo. Ila kikundi kisichoweka kando zile shilingi 24 kila kinapojaza betri kitagawana pesa ambazo si faida, na siku betri zitakapokufa kitakuwa na mashine nzima isiyoweza kufanya kazi. Njia salama ni kuandika daftari: kila betri inapojazwa, shilingi 24 zinaingia kwenye mfuko wa chama na haziguswi. Bei za hapa ni za mfano. Kila kikundi kiweke za dukani.

Kikundi pia kikumbuke kwamba betri nyingi huchukua saa 1 au zaidi kujaa, na umeme ukipotea kazi inasimama. Kabla ya kuchomeka chaja kwa mteja, ni heshima kuomba ruhusa.

Kuitunza betri

Joto ni adui. Betri iliyotoka kazini huwa na moto. Iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa. Isiachwe juani, ndani ya gari lililofungwa, wala kwenye stoo ya mabati ambayo adhuhuri huwa kama tanuri. Ichajiwe mahali penye hewa, juu ya sakafu ya simiti au meza imara, mbali na kitanda, mapazia na mlango wa kutokea, na ichomolewe ikishajaa. Stima inapopotea, chaja itolewe kwenye soketi, kwa kuwa umeme huweza kurudi kwa kishindo. Kiangazi kikiwa kirefu na nyasi hazikui, betri ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu.

Betri iliyovimba, kupasuka, kuvuja au kulowa isichajiwe tena. Betri ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa ukali na hutoa moshi wenye sumu. Wala isifunguliwe ili kubadilishwa seli na mtu asiye na ujuzi wa betri hizo. Ndani yake mna saketi inayozuia kujaa kupita kiasi, na ikirukwa, hatari huhamia nyumbani.

Kukata bila kuumia

Kimya cha mashine hii kisimdanganye mtu. Kisu chake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na huweza kurusha jiwe kama risasi. Kabla ya kuanza, mawe, vipande vya waya, chupa na mifupa viokotwe, na watoto wakae mbali. Mkataji avae viatu vilivyofungwa, si ndara, pamoja na suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Kwenye mteremko, asukume kwa kukingama badala ya kupanda na kushuka.

Kanuni kubwa ni hii: mkono usifike chini ya mashine kabla betri haijatolewa. Kuachilia mpini hakutoshi.

Nyasi zenyewe zisipunguzwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Zikiwa zimefika sentimita 15, zishushwe hadi 10 kwanza, kisha zirudiwe baada ya siku chache. Zilizogeuka kichaka zianzwe kwa fyekeo. Kisu kinolewe kikianza kurarua ncha za nyasi badala ya kukata, maana kisu butu humaliza betri haraka.

Haki za mnunuzi na taka za betri

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Ili haki hiyo imfae, risiti itunzwe na dhamana isomwe kabla ya kulipa. Mara nyingi dhamana ya betri ni fupi kuliko ya mashine, na nyingine haimhusu anayekata nyasi kwa biashara. Alama ya ubora ya KEBS nayo itafutwe kwenye mashine na chaja.

Betri iliyokufa isitupwe chooni, motoni wala kwenye pipa la taka za kawaida. Ikigandamizwa ndani ya lori la taka huweza kuwasha moto na kuwahatarisha wafanyakazi wanaozoa taka za mitaa yetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Vichwa vya betri vifunikwe kwa utepe wa plastiki, kisha irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki walio na leseni ya NEMA.

Maswali 6 kabla ya kulipa

1. Ua wangu una mita ngapi za mraba, na mashine hii hukata ngapi kwa chaji moja?
2. Betri ina wati-saa ngapi, na huchukua muda gani kujaa?
3. Betri moja ikinunuliwa peke yake ni bei gani, na je, iko dukani leo?
4. Dhamana ya betri ni ya muda gani, na inahusu kazi ya biashara?
5. Visu na vipuri vinapatikana karibu, na fundi wake yuko wapi?
6. Betri ikifa, duka litaipokea?

Muuzaji akishindwa kujibu la tatu, ni heri mnunuzi arudi nyumbani na pesa zake. Fyekeo lililonolewa vizuri litaendelea kumhudumia mpaka apate duka lenye jibu.