Dondoo muhimu: Stempu za Bunagana
Anza na bahasha kuukuu za babu. Stempu yenye jina Zaïre ni ya miaka ya 1971 hadi 1997. Congo Belge ni ya kabla ya uhuru wa 1960. Ukivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda, ulizia zile zenye Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja: nchi tatu, stempu moja!

Usibandue stempu kwa kucha. Kata karatasi kuizunguka, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi ijiachie yenyewe, kisha ianike kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Gazeti huacha wino. Nimeshaharibu moja nzuri hivyo.

Postikadi usiikate kamwe. Muhuri wenye mji na tarehe huweza kushinda stempu kwa thamani.